Mfarishi wa Viraka Nyumbani: Chagua Kwanza Jinsi Utakavyoumaliza

Mtu anayekusanya mabaki ya vitambaa ili ashone mfarishi, yaani lile blanketi lenye uso wa viraka, tabaka la joto katikati na kitambaa cha mgongo, kwa kawaida huanza kwa kujiuliza viraka vyake ataviunga vipi. Swali hilo ni la haki, lakini nimekuja kuamini kwamba huulizwa mapema mno. Nimeunga nyuso nyingi za viraka kuliko mifarishi niliyoimaliza, na kila nilipochunguza uso uliokwama kabatini nilikuta kuunga kwenyewe hakukuwa na kasoro kubwa. Tatizo ni kwamba nilipokuwa nikiunga sikuwa nimefikiria matabaka yale matatu nitayashikanisha kwa njia gani. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanzia mwishoni mwa kazi: kwanza namna za kushikanisha matabaka, kisha namna za kuunga mabaki zinazopatana nazo, na baada ya hapo ukingo.

Ili hesabu zilinganishike, nitatumia mfarishi mmoja wa mfano wenye upana wa inchi 60 na urefu wa inchi 72, yaani takriban sentimita 152 kwa 183. Ukubwa huo unamtosha mtu mzima mmoja kujifunika, na bado unaweza kushonwa kwa cherehani ya kawaida ya nyumbani, ingawa si kwa wepesi.

Kushikanisha matabaka

Njia ya haraka kuliko zote ni ya mafundo. Uzi imara huchomwa kutoka juu hadi mgongoni na kurudishwa juu milimita chache kutoka pale ulipoingilia, kisha ncha zake mbili hufungwa mara mbili, fundo la pili likielekezwa kinyume cha la kwanza ili lisiteleze, na hatimaye hukatwa zikiachwa na urefu wa sentimita 2 au zaidi kidogo. Ukiweka fundo kila baada ya inchi 4, mfarishi wetu utahitaji mafundo yapatayo 240, kazi ambayo mtu aliyetulia anaweza kuimaliza katika siku chache za mapumziko. Faida yake kubwa ni kwamba haijali unene wa mishono iliyo chini ya uso, kwa kuwa fundo unaliweka mahali unapotaka, na ukikuta makutano magumu ya mishono sita unasogea pembeni kidogo na kuendelea. Inafaa pia pale tabaka la kati linapokuwa nene na lenye kuvimba, kwa sababu sehemu zilizo kati ya mafundo hubaki zimejaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto.

Udhaifu wa mafundo uko katika tabaka la kati lenyewe. Pamba huru, isiyogandishwa kwa gundi wala kushindiliwa kwa sindano kiwandani, husogea na kujikusanya mabonge ikifuliwa kama mafundo yameachana sana, ilhali poliesta iliyogandishwa vizuri huvumilia nafasi kubwa zaidi. Vifungashio vingi vya tabaka hilo huandikwa umbali wa juu unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono, na maandishi hayo yasomwe kabla ya kununua, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama mafundo yanawezekana au la. Ukitumia blanketi kuukuu katikati, hofu hiyo inaondoka, kwani blanketi limekwisha kufumwa na haliwezi kukatika vipande vipande ndani. Kwa mtoto mchanga, hata hivyo, nisingeshauri mafundo kabisa: ncha za uzi zinazoning'inia huvutwa na kutiwa mdomoni, na hakuna uzuri unaofidia hatari hiyo.

Kushona kwa mkono kuko upande mwingine wa mizani. Sindano fupi hupitishwa katika matabaka yote matatu kwa mshono wa kwenda mbele, shono moja likionekana juu na nafasi yake ikionekana mgongoni, na kidole kinachosukuma hulindwa kwa kastabini. Mistari ikiachana sentimita 5 kwa upande mmoja tu, mfarishi wetu utakuwa na takriban mita 56 za mshono. Mita hizo ni nyingi, lakini tofauti kati ya kuzifurahia na kuzichukia hutegemea zaidi kile ambacho sindano inakutana nacho kuliko urefu wake. Sindano inayopita katika pamba nyembamba na kitambaa kimoja huteleza. Ikifika kwenye mshono wa viraka, ambapo vitambaa viwili vya ziada vimelazwa upande mmoja, hukwama, na mashono yanayolingana vizuri kwingine huanza kurefuka. Washonaji wenye ustadi mkubwa huweka mashono 8 hadi 10 katika inchi moja, lakini kiwango hicho kilizoeleka katika nyuso zenye nafasi pana zisizo na mishono. Kwa mfarishi wa mabaki, ambao kila inchi ina mshono wake, ninapendelea uzi mnene wa kudarizi na mashono makubwa, 3 hadi 5 kwa inchi. Mashono hayo huonekana waziwazi, hukamilika upesi, na ukubwa wake unapatana na tabia ya viraka vyenyewe.

Cherehani ndiyo inayotoa mshono imara zaidi kwa mfarishi utakaofuliwa mara kwa mara, na mita 56 zilezile zinaweza kukamilika kwa siku moja au mbili. Kinachosahaulika ni uzito na nafasi. Ukishona mstari wa katikati kwa urefu, nusu nzima ya mfarishi, yaani inchi 30 za matabaka matatu, inabidi ikunjwe na kupita katika uwazi ulio kati ya sindano na mwili wa cherehani, na uwazi huo katika cherehani nyingi za nyumbani ni wa inchi 6 hadi 8 hivi. Kwa mistari iliyonyooka unahitaji mguu maalumu wenye meno yake, unaosukuma kitambaa cha juu kwa mwendo uleule ambao meno ya chini yanasukuma cha chini. Bila mguu huo kitambaa cha juu huteleza mbele na mgongo hujikunja vijikunjo ambavyo utaviona tu ukishageuza. Kushona kwa kuchora huru, meno ya cherehani yakiwa yameshushwa na mikono yako ndiyo inayoongoza kitambaa, kunapendeza sana, lakini kunahitaji mazoezi ya saa nyingi juu ya vitambaa vya kutupa. Nisingemshauri mtu ajifunze ustadi huo juu ya mfarishi wake wa kwanza.

Kuna njia ya nne inayokwepa tatizo la uzito: kushikanisha bloku, yaani zile sehemu za mraba zinazounda uso, moja moja. Unakata tabaka la kati na mgongo kwa ukubwa wa kila bloku, unashona bloku hiyo peke yake mpaka ikamilike, kisha unaunganisha bloku zilizokwisha shonwa kwa vitepe vinavyofunika viungo pande zote mbili. Kwa bloku za inchi 12 mfarishi wetu una bloku 30, na hakuna hata moja inayojaza meza. Gharama yake ni kwamba vitepe vya kuunganishia vinaongeza kazi ya kukata na kupima, na viungo hubaki vigumu kidogo vikiguswa. Hata hivyo kwa mwenye cherehani ndogo, au asiye na sakafu ya kutandazia mfarishi mzima, naiona kuwa njia bora kuliko zote, na ninashangaa kwamba haipewi nafasi inayostahili.

Hapa niseme neno juu ya bandi, yaani mshikizo wa muda wa matabaka matatu kabla ya kushonwa, kwa sababu njia zote, isipokuwa ile ya bloku moja moja, zinaitegemea. Kitambaa cha mgongo na tabaka la kati vikatwe vikiwa vimezidi uso kwa takriban sentimita 10 kila upande. Mgongo utandazwe chini uso wake mzuri ukielekea sakafuni, ubandikwe kwa utepe wa gundi ukiwa umenyooka bila kuvutwa, kisha matabaka mengine yawekwe juu yake yakilainishwa kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Kwa mshono wa mkono piga bandi za uzi, kwa kuwa pini hunasa uzi na kuzuia fremu ya mviringo. Kwa cherehani tumia pini za kufunga zilizoachana upana wa kiganja, kwa sababu uzi wa bandi hunaswa chini ya mguu. Mgongo ukivutwa wakati wa kubandikwa utarudi katika ukubwa wake ukiachiliwa, na uso utajikunja. Kosa hilo halina dawa ila kufumua.

Kuunga mabaki

Sasa tunaweza kuuliza lile swali la kwanza, tukijua kila jibu litatudai nini baadaye.

Miraba iliyopimwa ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote. Mabaki hukatwa miraba ya inchi 2 na nusu, na kwa kuwa kila mshono unachukua robo inchi, mraba mmoja ukishaungwa pande zote hubaki na inchi 2. Miraba tisa, mitatu kwa mitatu, hutoa bloku ya inchi 6. Mfarishi wetu ungehitaji bloku 120 za namna hiyo, yaani miraba 1,080, idadi ambayo imewavunja moyo wengi kabla hawajafika nusu. Lakini ukibadilishana bloku moja ya miraba tisa na moja ya kitambaa kimoja kisicho na kiungo, unahitaji miraba 540 tu na vipande 60 vikubwa, na faida yake haiishii katika kupunguza kazi: vile vipande 60 vinampa mshonaji wa mkono uwanja safi ambao sindano yake itapita bila kukwama. Kwa hiyo anayetaka kumalizia kwa mkono aanzie hapa. Mishono yote imenyooka, kila moja inaweza kulazwa upande wa kitambaa cheusi zaidi, na makutano yake yanaweza kupangwa ili mshono wa juu ulale kushoto na wa chini kulia, usiongezeke unene.

Sharti la njia hii ni usawa wa mshono. Ukizidisha mshono kwa milimita 1.5 tu, kila kiungo kinapoteza milimita 3, kwa kuwa kinakula vitambaa viwili. Katika mstari mmoja wa miraba 30 kuna viungo 29, na mstari huo utapungua karibu sentimita 9. Jambo linalonishangaza kila mara ni kwamba mistari yote ikipungua kwa kiasi kilekile hakuna atakayejua, ilhali mmoja ukipungua na wa jirani usipungue, haiungiki. Mshono uliozidi kidogo kila mahali ni afadhali kuliko mshono sahihi hapa na mpana pale. Kwa sababu hiyo badilisha uzi, sindano au mtu anayeshona kati ya bloku na bloku, wala usibadilishe katikati ya bloku.

Njia ya pili ni ya vipande vyembamba na virefu vinavyoshonwa juu ya msingi. Unakata mraba wa karatasi au wa kitambaa chepesi kama bafta, unaweka kipande cha kwanza kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, unalaza cha pili juu yake nyuso zikitazamana, unashona, unafunua, unapiga pasi, na kuendelea hadi mraba ujae. Kisha unapunguza kingo zote kwa kipimo cha msingi. Hapa upana wa vipande hauhitaji kulingana, na kipande kilichopinda upande mmoja si kosa. Nani asiyekuwa na mfuko wa vijipande vyembamba ambavyo havifai kwa mraba wala kwa kutupa? Njia hii ndiyo nyumba yavyo.

Uchaguzi wa msingi ndio unaoamua umaliziaji. Karatasi huchanwa na kuondolewa baada ya kushona, kwa hiyo uso unabaki mwepesi, lakini kuchana karatasi katika bloku 120 ni kazi ya kuchosha vidole, na mashono yasipokuwa mafupi, milimita 1.5 hadi 2, karatasi huvuta uzi na kulegeza mshono. Karatasi ya gazeti iepukwe, kwa kuwa wino wake huhamia kwenye kitambaa cheupe na kwenye bamba la pasi. Msingi wa kitambaa hauondolewi. Unashikilia kingo zilizokatwa hanamu, yaani si kwa kufuata uzi wa mtande wala wa mshindo, zisivutike, na unaufanya uso uwe imara sana. Hata hivyo unaongeza tabaka la nne ambalo sindano ya mkono italipita kwa shida. Mfarishi wenye msingi wa kitambaa, kwa maoni yangu, umaliziwe kwa mafundo, au kwa cherehani mshono ukifuata mistari ya viungo. Tena mara nyingi hauhitaji tabaka nene la kati, kwa kuwa una uzito wa kutosha. Mtu akiniambia kwamba ana msingi wa kitambaa, pamba nene, na nia ya kushona kwa mkono, namwomba aache kimojawapo kati ya hivyo vitatu kabla hajaanza.

Njia ya tatu ni kuunga bila kipimo. Unachukua vijipande viwili vyovyote vyenye pande zinazokaribiana, unaviunga, unanyoosha ukingo kwa mkasi au kwa kisu cha gurudumu na rula, unaongeza cha tatu, na unaendelea mpaka upate kipande kikubwa kuliko bloku unayoitaka, kisha unakikata kwa kipimo. Ndiyo njia inayotumia mabaki madogo kabisa, hata yale ya inchi moja na nusu, na ndiyo inayompa mshonaji uhuru wa kufikiri kwa jicho. Wanaodhani kwamba uhuru huo ni wa watu wasioweza kupima watazame mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, wengi wao wakiwa wametumia nguo kuukuu za kazi. Kazi hizo zilipoonyeshwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002 zilitazamwa kama michoro ya sanaa.

Lakini uhuru wa uso hulipwa mgongoni mwake. Bloku moja ya inchi 6 iliyoungwa hivi inaweza kuwa na viungo 12 vilivyoelekea kila upande, vingine vikiwa vimelala juu ya vingine, na kingo zake nyingi zimekatwa hanamu, kwa hiyo huvutika zikiguswa tu. Uso wa aina hii ndio ule niliousema mwanzoni: niliukusudia mshono wa mkono, na sindano zilivunjika mpaka nikaukunja na kuuweka. Miaka miwili baadaye niliutoa, nikaufunga kwa mafundo yaliyowekwa kwenye sehemu tupu tu, na ukakamilika kwa siku tatu. Kwa hiyo shauri langu kwa njia hii ni mafundo, au cherehani yenye sindano imara ya jinzi na mistari iliyonyooka isiyofuata viungo. Ukiwa na subira ya kuongeza kipande kizima cha inchi 1 kuzunguka kila bloku, hizo kingo za hanamu zitatulia, na uso wote hautafanya mawimbi kama pazia.

Njia ya nne haitenganishi kuunga na kumalizia hata kidogo, na ndiyo inayonigusa zaidi. Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao asili ya wazee wao ni Afrika, hushona mifarishi inayoitwa kawandi kwa kuanzia ukingoni. Kitambaa cha mgongo hutandazwa, pindo lake hukunjwa, na viraka vilivyokunjwa kingo huwekwa kuanzia pembeni na kushonwa kwa mkono moja kwa moja kupitia matabaka yote, duru kwa duru, mpaka katikati. Pembe nne hupambwa kwa vijitambaa vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, maana yake ua. Shono linaloshika kiraka ndilo linaloshika matabaka, na shono la kwanza ndilo linalofunga ukingo. Hakuna uso wa kukwama kabatini, kwa sababu hakuna uso unaokuwapo peke yake wakati wowote.

Kulinganisha njia hii na zile tatu kwa haki kunahitaji hesabu moja. Mistari yake hukaribiana sana, na ikiachana sentimita 2 mfarishi wetu wa mfano utabeba takriban mita 139 za mshono wa mkono, mara mbili na nusu ya zile 56 za awali. Kwa hiyo nisingeianza kwa ukubwa huo. Mraba wa sentimita 60, unaotosha kuwa kitandiko cha kiti, una mita 18 tu, na unafunza kila kitu ambacho mfarishi mkubwa ungefunza. Haihitaji cherehani, fremu, bandi nzito wala meza kubwa. Inahitaji magoti, mwanga na muda. Vitambaa viwe laini na vyepesi, kwa kuwa ukingo uliokunjwa unazidisha unene, na jinzi lisitiwe humo hata kama limebaki jingi.

Rangi, kabla hatujafika ukingoni

Kuhusu rangi nitasema kidogo, kwa sababu haibadilishi uchaguzi wa njia bali matokeo yake. Mabaki ya rangi zote yanapatana iwapo weupe na weusi wake umepangwa. Panga vipande katika mafungu matatu, vya mwanga, vya kati na vya giza, ukivipiga picha kwa simu bila rangi ili jicho lisidanganyike na wekundu, kisha hakikisha kwamba kila bloku ina fungu la mwanga na la giza. Kitambaa kimoja kinachojirudia katika kila bloku, hata kama ni ukanda wa upana wa inchi moja, kinatosha kuukusanya uso mzima.

Vitambaa vipya vyenye rangi nyekundu au ya nili vijaribiwe kwa kusuguliwa na kitambaa cheupe kilicholowa. Vikitoa rangi, vifuliwe peke yake kabla ya kukatwa. Tabaka la kati la pamba tupu pia hupungua, mara nyingi kwa asilimia 3 hadi 5 katika ufuaji wa kwanza, na kupungua huko ndiko kunakouletea mfarishi vile vijikunjo laini vya kizamani. Asiyevipenda atumie poliesta.

Ukingo

Namna za kufunga ukingo ni tatu, na hapa uamuzi ni mfupi zaidi. Utepe uliokunjwa mara mbili, uliokatwa kwa upana wa inchi 2 na nusu, ndio unaodumu kuliko zote, kwa sababu ukingo ndio unaochakaa kwanza na utepe huo unauwekea vitambaa viwili. Ukichakaa unafumuliwa na kubadilishwa bila kugusa mfarishi. Mfarishi wetu una mzunguko wa inchi 264, kwa hiyo andaa utepe wa inchi 280 hivi, ukiunga vipande vyake kwa mshazari ili unene wa kiungo usijikusanye mahali pamoja. Utepe huo wenyewe unaweza kutoka katika mabaki, mradi vipande vyake visiwe vifupi mno. Ukingo ulionyooka hauhitaji utepe wa hanamu. Hanamu ni kwa pembe za duara.

Namna ya pili ni kuuacha mgongo uzidi uso kwa inchi moja na kuukunja mara mbili kuja mbele. Inaokoa kitambaa na saa kadhaa, na inapendeza, lakini ukingo unakuwa na kitambaa kimoja tu mahali pa kuchakaa, na ukikatika ni mgongo wenyewe uliokatika. Naikubali kwa mapambo ya ukutani na vitandiko, si kwa mfarishi wa kulalia. Namna ya tatu ni ya mto: uso na mgongo hutazamanishwa pamoja na tabaka la kati, hushonwa kuzunguka na kuachwa uwazi wa sentimita 35 au 40, hugeuzwa, na uwazi hufungwa kwa mkono. Kwa kuwa hugeuzwa kabla ya kushikanishwa, inapatana vizuri sana na mafundo na haipatani na cherehani, ambayo husukuma kitambaa kuelekea ukingo uliokwisha fungwa na kuacha mkunjo usio na pa kwenda.

Kama tayari una uso uliokwisha ungwa

Huenda msomaji hana tena nafasi ya kuchagua namna ya kuunga, kwa sababu uso uko tayari na unasubiri. Ugeuze, uutandaze chini ya mwanga, na usome mgongo wake. Pitisha kidole juu ya viungo: ukikuta mahali ambapo vitambaa vimelala vinne au zaidi, weka alama ya chaki. Alama zikiwa chache na zenye mpangilio, una uhuru wote, hata wa mkono. Zikiwa zimetapakaa kila kiganja, chukua uzi imara na ufunge mafundo. Kisha ushike pembe mbili zinazokabiliana na kuuvuta kidogo. Ukivutika kama mpira, una kingo nyingi za hanamu, na kabla ya jambo lolote shona mstari mmoja wa cherehani milimita 3 kutoka ukingoni kuuzunguka wote, ili usiendelee kukua mikononi mwako wakati unapopiga bandi.